Kubandua Plastiki kwenye Mlango wa Wairimu

Anzeni na ukucha. Si kisu, si wembe, si bisibisi. Ukucha wa kidole gumba, usiokatwa leo asubuhi na usio mrefu wa kujipambia. Ukishindwa kuinua pembe ya plastiki, basi plastiki haijawa tayari, na wewe hujawa tayari pia. Nenda ukanywe chai, urudi jua likiwa limepanda.

Nimeamua kuwaandikia kwa sababu mwezi jana nilipita kwa gereji moja hapa Nyeri mjini, nikamwona kijana akitoa ile plastiki angavu ya kulinda rangi kwenye boneti. Ilikuwa imezeeka, imekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Kijana ameishika pembe kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye bampa, anavuta kama anayeng'oa kisiki. Nilisimama, nikafumba macho. Mimi ni mtu wa moyo mwororo, siwezi kutazama rangi ikiumizwa. Nilipofumbua, rangi ilikuwa imekuja pamoja na plastiki, kipande cha ukubwa wa sahani, na kijana anakiangalia kana kwamba gari ndilo limemkosea.

Sikumcheka. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena vibaya zaidi, nikiwa na umri kama wake. Nitawaeleza. Mnivumilie tu, kwa maana niliishia darasa la nane na nikianza kusimulia huwa napita njia za panya.

Kazi yangu ilikuwa kupaka magari rangi. Niliifanya mpaka kifua kiliposema basi. Niliianza miaka ya tisini, katika karakana ya mabati iliyokuwa upande wa kushuka kwenda Ruring'u, na aliyenifundisha aliitwa fundi Mutegi, mtu wa Chuka, upande ule mwingine wa mlima. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na chakula chake cha mchana kilikuwa ndizi za kuchoma kila siku ya Mungu. Siku aliyoniajiri, mafundi wa karakana za jirani walikuja mpaka mlangoni kutazama.

"Mutegi ameandika msichana," mmoja alisema. "Sasa gari zitakuwa zinasukwa nywele."

"Yako tutaisuka ya bure," Mutegi akajibu bila kuinua kichwa. "Ile kutu yake inafaa matuta."

Nilimpenda kuanzia hapo.

Mjue pia kwamba sisi wa huku mlimani, miaka ile, tulikuwa watu wa nailoni. Mtu akinunua viti vya sebuleni, haondoi nailoni. Mgeni akiinuka, kiti kinalia. Redio inabaki ndani ya nailoni yake, inatangaza habari kama imejifunika blanketi. Kitu kikiwa na nailoni ni kipya. Nailoni ikitoka, uzee umeingia. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumepata vitu kwa taabu, na hatukutaka kuviona vikichakaa. Mpaka leo nawapenda watu wangu kwa hilo, ingawa lilituletea kazi nyingi za ajabu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kiganjo, mfugaji wa kuku, aliyenunua pikapu mpya kabisa. Ilikuja na utando mweupe wa plastiki kwenye boneti na milango, ule unaobandikwa ili rangi isikwaruzwe safarini. Unatakiwa kutolewa wiki ileile. Yeye aliuacha miaka minne. Alipotuletea gari, plastiki ilikuwa ikibambuka kama mba, na kila mahali ilipobambuka jua lilikuwa limechoma rangi.

"Ningetoa mapema ingekuwa gari ya zamani," alijitetea.

"Na sasa ni ya nini?" Mutegi akamuuliza.

"Sasa ni ya... katikati."

Mutegi alishinda siku sita kwenye pikapu ile. Maji moto, vitambaa, na vidole. Hata hivyo boneti lilibaki na baka moja kubwa, limechongoka juu, limetanuka chini. Mimi niliona aibu kwa niaba yetu. Mutegi alimshika yule bwana begani, akamwonyesha.

"Ona, gari yako imepata Mlima Kenya kwa boneti. Na hiyo sijaongeza bei."

Bwana akainamisha kichwa huku na huku. "Na barafu iko?"

"Ngojea baridi ya Julai."

Akaenda zake akicheka. Nilimwona hata akimwonyesha mtu barabarani ule mlima wake. Hebu fikirini: amekuja na aibu, ameondoka na kitu cha kujivunia. Mimi nikasema moyoni, siku moja nitakuwa fundi wa namna hii. Nilikuwa mwota ndoto sana. Nilikuwa nikipaka gari moja huku naota karakana yangu yenye sakafu nyekundu, jina langu juu ya mlango kwa herufi zenye kivuli, na magari yamepanga foleni mpaka Kiganjo.

Jambo jingine la Mutegi: alibandua plastiki kwa kusikiliza. Alikuwa akifunga redio, anainama, sikio karibu na bati. Alisema plastiki ikitoka vizuri inasema kama mzee anayekunywa chai moto, sssss, ndefu, bila kukatika. Ikianza kusema kama kitambaa kinachoraruliwa, acha. Usiongeze nguvu. Ongeza joto. Mkiyasahau mengine yote niliyoandika, mkumbuke sauti hiyo.

Sasa nifike kwa Wairimu.

Alikuja asubuhi moja na pikapu kuukuu ya rangi ya krimu, ikiendeshwa na mpwa wake, kutoka Tetu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, sweta ya kijani, viatu vya mpira vina matope ya shambani. Mume wake alikuwa akikusanya maziwa ya majirani kwa gari lile na kuyaleta mjini. Alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na gari likalala chini ya mti wa parachichi. Sasa mama alitaka kulirudisha barabarani.

"Injini iko sawa," alisema. "Breki iko sawa. Mimi nimeleta mlango."

Tukazunguka upande wa dereva. Mlango ule ulikuwa umefunikwa kwa plastiki ya gundi, ile angavu ambayo wazazi wote tulinunua kufunikia vitabu vya shule. Ndiyo, ya vitabu! Marehemu aliona mawe ya barabara ya Tetu yanakula mlango, akaenda dukani pale wanapouza kalamu na madaftari, akanunua mita mbili, akabandika. Miaka ya jua kali la mchana na baridi ya usiku ilikuwa imeigeuza kuwa ya rangi ya chai, ina nyufa kama matope yaliyokauka. Chini yake kulikuwa na maandishi ya bluu, lakini hayakusomeka tena.

"Hapa imeandikwa nini, mama?" Mutegi aliuliza.

"Ni jina yangu."

Mnajua magari ya biashara huandikwa jina la mwenyewe mlangoni. Mlango wa kushoto ulikuwa na jina la mume, limeandikwa na fundi wa herufi, nadhifu, limenyooka. Huu wa kulia aliuandika yeye mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya geti.

"Tangu niolewe," mama akasema, "hakuna mtu ananiita Wairimu. Mimi ni Mama Muthoni. Hata yeye aliniita Mama Muthoni, miaka ishirini na moja. Hakuwa mtu wa maneno. Halafu siku moja natoka kukamua, nakuta ameandika WAIRIMU kwa mlango yake ya dereva. Sikumuuliza kitu. Na yeye hakuniambia kitu. Alinywa uji akaenda."

Alifuta mlango kwa kiganja, ingawa vumbi lilikuwa ndani ya zile nyufa.

"Fundi, gari ikitoka rangi yote sitalia. Lakini hiyo jina isitoke. Sina picha yake akifanya kitu kama hiyo. Niko na hiyo tu."

"Tutaangalia, mama," Mutegi akasema. Hakusema haitatoka. Fundi mzuri haahidi asichokishika.

Alipoondoka, Mutegi alinionyesha hatari iko wapi, na nyinyi pia nawaonyesha. Rangi ya gari iliyopigwa kiwandani imeshikana na bati kama ngozi na nyama. Plastiki ikivutwa kwa akili, rangi hiyo inabaki. Lakini rangi iliyopakwa juu yake baadaye, bila kupigwa msasa kwanza, imekaa tu kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Mzee wa Tetu alipaka rangi ya geti juu ya bati linaloteleza. Kwa hiyo gundi ya plastiki ilikuwa imezishika zile herufi kwa nguvu kuliko mlango ulivyozishika. Mkipewa gari, ulizeni kwanza: lilishawahi kupakwa upya? Wapi? Na kama mwenyewe hajui au anaona haya kusema, tafuteni pembe iliyojificha, chini ya mlango, mjaribu hapo. Msijaribu kwanza katikati ya jina la mtu.

Siku ya pili Mutegi aliondoka alfajiri kwenda Karatina kutafuta rangi ya kazi nyingine. Aliniambia nipige msasa fenda moja na nimsubiri.

Mimi nikamaliza fenda mapema. Ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, mlima hauonekani, bati la gari lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikautazama mlango ule. Nikaanza kuota. Nikaona Mutegi anarudi, anakuta jina linang'aa, anaita majirani wote: njooni mwone msichana niliyemwajiri. Nikamwona mama Wairimu ananikumbatia. Ndoto ilikuwa tamu sana, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

Nitataja nilivyokosea, mhesabu wenyewe. Bati lilikuwa baridi, nami sikulipasha joto. Ukucha ulikataa, na badala ya kwenda kunywa chai nikachukua wembe. Nilianza upande wa mwisho wa jina, palipokuwa na pembe iliyoinuka, bila kujaribu penginepo. Pembe ilipokubali, sikuikunja plastiki irudi juu ya mgongo wake, ikilala karibu na bati. Niliivuta kuja kwangu moja kwa moja, kama mtu anayefungua mlango. Ilipokwama, nikamwagia thina, ile ya kuyeyushia rangi, pembeni ili ilegee. Thina, jamani! Thina haiulizi gundi iko wapi na rangi iko wapi. Inakula vyote.

Kisha nikaisikia ile sauti. Ya kitambaa kinachoraruliwa. Masikio yaliniambia acha, na mkono ulikuwa bado ndotoni. Ukavuta tena.

Nilibaki nimeshika kipande cha plastiki, na ndani yake, kwa kinyume, kulikuwa na herufi mbili za bluu. M na U. Nzima kabisa, hata alama za brashi zilionekana. Mlangoni palikuwa patupu.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Nilijaribu kuirudisha plastiki, nikaikandamiza kwa kiganja kama mtu anayejaribu kurudisha yai ndani ya kuku. Halafu wazo baya likaja. Bluu tulikuwa nayo. Herufi mbili tu. Ningezipaka kwa dakika kumi, nizipake vumbi juu, na hakuna mtu wa Tetu wala wa Nyeri angejua. Hata kopo nilikuwa nimeshalifungua Mutegi alipotokea mlangoni mwa karakana na mkebe wake wa rangi.

Alitazama mlango. Akatazama plastiki mkononi mwangu. Akatazama kopo la bluu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nyawira," alisema, "ulikuwa unaangalia nini wakati unavuta?"

"Nilikuwa ninaota, fundi."

Akaweka mkebe chini polepole.

"Kuota si vibaya. Ota ukishika brashi. Lakini ukishika plastiki, amka."

Nikaanza kulia. Alinipa kitambaa, chenye mafuta upande mmoja, nikajifutia upande huo bila kuona. Baadaye Njoki, mwenye saluni ya jirani, aliniambia nilionekana kama mtu aliyetoka kutengeneza treni.

"Funga hiyo kopo," Mutegi akasema. "Ni mama ataamua. Wewe utamwambia, si mimi. Sasa ukungu umeinuka. Nenda uchemshe maji."

"Nichemshe maji ya nini?"

"Kwani hiyo plastiki imebaki itajitoa?"

Nilidhani atanifukuza kwenye mlango ule na kuumaliza mwenyewe. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Yeye alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake na ndizi zake, akaniacha mimi niendelee, na mikono ileile. Nimekuwa na wanafunzi wengi tangu siku hiyo na nakiri kwamba mara nyingi nimeshindwa kufanya alichofanya Mutegi juu ya ile ndoo. Ni kazi ngumu kuliko kubandua.

Basi, hivi ndivyo kazi ilivyoenda. Tulisukuma gari mpaka mlango ukatazama jua. Nikalowesha vitambaa kwa maji moto, si yanayochemka, ya kuvumilika na mkono, nikavilaza juu ya plastiki mpaka bati likawa na joto la mwili wa mtoto mwenye homa. Mutegi akaenda kwa Njoki, akarudi na mashine ya kukausha nywele na waya mrefu. Njoki alimfuata nyuma, kitana kikiwa bado mkononi.

"Niko na mteja amekaa na kichwa maji!" alisema. "Nitamwambia nini?"

"Mwambie kuna gari imetangulia kwa foleni."

Wale wa karakana za jirani wakatoka nje kuona. Mmoja akapiga yowe: "Si nilisema! Si nilisema zitasukwa!" Hata mimi nilicheka, na machozi yakiwa bado hayajakauka.

Mashine ya joto msiishikilie mahali pamoja. Itembezeni, umbali wa shibiri moja, na mkono wa pili uwe unapapasa bati nyuma yake. Mkono wako ukiungua, rangi nayo inaungua. Kisha ukucha. Pembe ikakubali mara hii, laini, kama ganda la ndizi mbivu. Nikaikunja plastiki ilale juu ya mgongo wake, nikaivuta kuelekea nyuma, polepole, upana wa kidole kimoja kwa pumzi moja. Plastiki ya zamani hukatika. Ikikatika usikasirike, anza pembe nyingine. Palipogoma, Mutegi alinipa kipande bapa alichokata kwenye kifuniko cha plastiki cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Plastiki dhidi ya plastiki. Chuma hakina rafiki kwenye rangi.

"Sikiliza," alikuwa akisema juu ya ndoo. "Inasema nini?"

"Inakunywa chai."

"Basi iache inywe."

Herufi ya I ikabaki salama. R ikabaki salama. Kwenye ile A brashi ya marehemu ilikuwa imeweka rangi nene, na nikahisi inataka kuondoka na plastiki. Nikasimama. Nikarudisha joto. Nikasubiri. Nikajaribu kutoka upande wa pili, A ikabaki. Ilituchukua mpaka saa kumi na moja jioni, mlango mmoja, na Njoki alikuja kuchukua mashine yake mara mbili akarudishwa na maneno matamu.

Gundi iliyobaki msiikwaruze. Tulipaka mafuta ya kupikia, tukaiacha ilegee muda wa mtu kumaliza kikombe, tukaifuta kwa kitambaa laini, tukarudia. Mwisho maji na sabuni. Mafuta ya taa kidogo yanafaa pia palipo na rangi ya kiwandani tu, lakini karibu na herufi za geti Mutegi aliyakataza.

Na hapo ndipo tulipoona. Pale M na U zilipokuwa, herufi zilikuwepo bado. Si kwa bluu. Rangi ya krimu ilikuwa imefifishwa na jua mlango mzima, isipokuwa chini ya herufi, ambako jua halikufika. Kulikuwa na M na U za krimu mbichi, kivuli cha mkono wa yule mzee. Mutegi alipitisha kidole juu yake.

"Huyu mtu," alisema, "hakujua kuandika herufi. Ona M yake, miguu imepanuka kama ng'ombe anayesimama kwa matope. Lakini hakuna mahali aliinua brashi kabla hajamaliza."

Mama alikuja Ijumaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri na yote yakapotea. Nilimpa tu ile plastiki, nikamwambia: "Mama, ni mimi. Fundi hakuwepo. Nilivuta ikiwa baridi."

Aliinua plastiki kwenye mwanga. Akasoma WAIRI mlangoni, taratibu, na macho yakafika mwisho yakakuta kivuli. Akakaa kwenye ubao wa pikapu. Mutegi alikuwa akifuta bisibisi ileile mara ya tano.

"Ulikuwa unakimbilia wapi, mwanangu?" aliniuliza. Si kwa ukali.

"Nilitaka upate jina lako haraka."

Kisha akaikunja ile plastiki kwa uangalifu, akaiweka ndani ya sweta. "Hii nitaenda nayo. Na hapo kwa mlango, andika."

"Fundi Mutegi ataandika vizuri, mama, ana mkono—"

"Sitaki vizuri. Umetoa wewe, rudisha wewe. Na uandike kama yeye."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, vijana. Kuandika vizuri nilikuwa naweza. Kuandika kama mkulima wa Tetu mwenye brashi ya geti, hilo lilinishinda siku nane. Nilichukua boneti bovu nyuma ya karakana, nikaliandika M na U mpaka likajaa, nikalifuta, nikalijaza tena. Nilipofuata mstari kwa makini, M ilitoka ikiwa imekufa. Nilipotetemesha mkono makusudi, ilitoka ikiwa inamdhihaki. Mutegi alipita na kutikisa kichwa. Siku ya nane nikaacha kufikiria herufi. Nikamfikiria mtu aliyeamka kabla ya mke wake, mwenye dakika chache, anayetaka kumaliza kabla hajarudi kutoka zizini. Mkono ukaenda. Mutegi alisimama nyuma yangu, akasema neno moja tu, "Mlango," nami nikaenda kuandika kwenye mlango, juu ya kivuli, baada ya kukipitishia msasa laini kabisa ili safari hii rangi ishike.

Mama alikuja peke yake. Alizunguka gari mara moja, akapiga magoti kwenye changarawe, akaweka kidole kwenye W. Akakipitisha juu ya jina zima, polepole, mpaka U.

"M na U ni zako," akasema.

"Unaziona, mama?"

"Naziona. Yeye alikuwa na haraka asipatikane. Wewe ulikuwa unaogopa." Akainuka, akajifuta magoti. "Lakini unajua, sasa nimeandikwa na watu wawili. Wanawake wengine wa Tetu hata mtu mmoja hajawaandika."

Mutegi akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Tukamuuliza mpwa wake yuko wapi wa kuendesha gari. Akatoa leseni kutoka ndani ya sweta, mpya, bado ndani ya nailoni.

"Ni mimi," akasema. "Maziwa haitajibeba."

Alipanda, akafunga ule mlango kwa mikono miwili kama mtu anayefunika sufuria, akawasha. Gari likaruka, likazima. Akawasha tena. Akatoka na gia ya kwanza, na kwa gia ya kwanza hiyohiyo akapanda barabara yote ya Ruring'u, injini ikilia, lori mbili na trakta zikimfuata nyuma zikipiga honi. Hakubadilisha gia hata moja. Mafundi wote tulitoka nje kusimama kando ya barabara, na Njoki, na mteja wake mwenye kichwa maji. Gari lilipita mbele yetu polepole kiasi kwamba kila mtu alipata nafasi ya kulisoma lile jina mpaka mwisho, na wengi walilisoma kwa sauti.